Mwili Unapokosa Nguvu: Kutafuta Kimeng'enya Kilichokwama kwa Kuangalia Tishu na Saa

Mgonjwa akisema hana nguvu, kauli hiyo peke yake haimsaidii sana anayemtafutia chanzo, kwa sababu ubongo, ini, misuli, moyo, mafuta ya mwilini na chembe nyekundu za damu, kila kimoja kina njia yake ya kupata nishati. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, vinavyofanya kazi kwenye ini si vile vile vinavyofanya kazi kwenye msuli, na hata pale vinapofanana kwa jina, homoni inayokiamsha kimoja huenda isimguse mwenzake. Mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya matabibu, wanafunzi wa afya na msomaji yeyote mdadisi, unashikilia kanuni moja: kabla ya kuagiza kipimo, uliza dalili imeanzia tishu gani, na imetokea muda gani tangu mlo wa mwisho au tangu kazi ngumu ilipoanza. Majibu ya maswali hayo mawili huipunguza orodha ya visababishi kuliko vipimo vingi vilivyoagizwa kwa kubahatisha, na katika kliniki za mitaa ya Nairobi, ambako wagonjwa wengi hulipia kila kipimo kutoka mfukoni, hilo si jambo dogo. Aliyezirai, anayepata degedege au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali kwanza, uchunguzi utafuata.

Hakikisha tatizo liko kwa mgonjwa, si kwenye chupa ya damu

Majibu ya maabara yanasema sukari iko chini, lakini mgonjwa anazungumza vizuri, hana jasho na hatetemeki. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni sampuli yenyewe. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, hivyo nishati yake yote hutokana na kuvunja glukosi hadi lakteti bila kutumia oksijeni, na hazisimamishi kazi hiyo kwa sababu zimetolewa mshipani. Katika joto la kawaida la chumba, damu ambayo haijatenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya glukosi yake kila saa. Chukua damu iliyotolewa Kayole saa mbili asubuhi, ikasubiri sampuli nyingine zikusanywe, kisha ikabebwa na bodaboda hadi maabara ya katikati ya jiji na kupimwa saa sita mchana: sukari iliyokuwa milimoli 4.6 kwa lita inaweza kusomwa 3.6, na mtu mzima wa afya akaandikiwa ugonjwa asiokuwa nao. Lakteti nayo itakuwa imepanda ndani ya chupa hiyo hiyo.

Wengi huamini kwamba chupa yenye kifuniko cha kijivu humaliza tatizo hili. Hupunguza, haimalizi. Floridi iliyomo humzuia enolasi, kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa mnyororo wa kuvunja glukosi, ilhali vimeng'enya vya mwanzoni huendelea kuimeza glukosi kwa saa moja au mbili kabla mnyororo wote haujasimama. Njia ya uhakika ni kuitenganisha damu mara moja au kuiweka kwenye barafu hadi ifike. Pasipo na mashine wala barafu, kipimo cha glukomita kilichofanywa kando ya mgonjwa wakati dalili zipo kina thamani kuliko kipimo kizuri cha maabara kilichochelewa, mradi kiwango cha chini kithibitishwe baadaye kwa njia sahihi.

Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa saa kadhaa baada ya kula

Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, na ini lililoshiba huwa na glikojeni, yaani akiba ya glukosi, ya kama gramu 100 tu. Misuli kwa jumla ina mara nne ya kiasi hicho, lakini haiwezi kuukopesha ubongo hata gramu moja, kwa sababu haina glukosi-6-fosfatasi, kimeng'enya kinachoondoa fosfati ili glukosi iweze kutoka nje ya seli. Ini linacho, na figo pia zinacho. Kwa hiyo dalili za sukari kushuka zinatuelekeza kwenye ini au kwenye homoni zinazoliamrisha, na si kwenye misuli, hata kama mgonjwa analalamika kwamba miguu imelegea.

Tofauti ya pili iko mlangoni. Heksokinasi ya ubongo na misuli huikamata glukosi hata ikiwa kidogo sana, kwa kuwa hufikia nusu ya kasi yake kwenye kiwango cha karibu milimoli 0.1 kwa lita au chini ya hapo. Ini hutumia glukokinasi, ambayo hufikia nusu ya kasi yake kwenye kiwango cha karibu milimoli 8. Ndiyo maana ini huchukua glukosi kwa wingi baada ya mlo wa chapati na maharagwe, na huacha kuchukua sukari inapokuwa ya kawaida, ili ubongo usinyang'anywe. Glukagoni, homoni inayopandisha sukari, ikipanda, fosforilasi ya ini huanza kuivunja glikojeni. Misuli haina vipokezi vya glukagoni, hivyo haisikii amri hiyo. Yenyewe huitikia adrenalini, kalisi na upungufu wake wa nishati.

Kwa msingi huo, saa ndiyo inayosema. Sukari inayoshuka ndani ya saa nne baada ya kula, mtu mzima akiwa na glikojeni ya kutosha, kwa kawaida ni suala la insulini kuzidi: dozi ya sindano iliyokuwa kubwa, dawa ya kisukari ya aina ya glibenklamidi, au tumbo lililofanyiwa upasuaji. Wakati wa Ramadhani, madaktari wanaohudumia Eastleigh hukutana na sura nyingine ya tatizo hili, pale mgonjwa wa kisukari anapomeza dozi ya asubuhi baada ya daku kana kwamba atakula mchana. Insulini inayosukumwa na dawa hiyo huifunga fosforilasi ya ini na kuzima utengenezaji wa glukosi mpya kwa wakati mmoja, na alasiri mtu huanguka kabla ya futari. Dawa na dozi zipangwe upya na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Mtoto mchanga ambaye sukari yake huanguka saa tatu au nne tu baada ya kunyonya, mwenye tumbo lililovimba kwa sababu ya ini kubwa, na ambaye lakteti yake iko juu, afikiriwe kuwa na upungufu wa glukosi-6-fosfatasi. Mwaka 1952 wanabiokemia Carl na Gerty Cori walionyesha kwamba kimeng'enya hicho ndicho kinachokosekana kwenye ini la wagonjwa wa aina hii, na huo ukawa mmoja wa mifano ya kwanza ya ugonjwa wa kurithi wa umetaboli kuunganishwa na kimeng'enya mahususi. Glikojeni ipo tele, huvunjwa vizuri hadi hatua ya mwisho, kisha glukosi hukosa pa kutokea na kugeuzwa lakteti. Ukimpa mtoto huyu glukagoni, lakteti hupanda na sukari haipandi. Jibu hilo linatosha kuonyesha kizuizi kiko wapi. Tangu miaka ya 1980, wengi wao hupewa wanga wa mahindi usiopikwa kila baada ya saa chache ili glukosi iingie polepole. Ni ile inayouzwa madukani kama kornflawa, si unga wa ugali, na kuichemsha ni kuiharibia kazi, kwa kuwa wanga uliopikwa humeng'enywa haraka mno.

Sukari ikishuka baada ya usiku mzima wa kufunga au zaidi, glikojeni imekaribia kwisha na ini linategemea kutengeneza glukosi kutokana na lakteti, gliseroli na asidi za amino. Kisababishi cha kawaida zaidi cha kukwama hapa mjini, kwa maoni yangu, hakihitaji kutafutwa kwenye vitabu vya magonjwa adimu: ni mtu aliyekunywa chang'aa tangu jana bila kula. Dehidrojenasi ya alkoholi inapoichoma pombe kwenye ini huzalisha NADH, molekuli inayobeba elektroni, kwa wingi, na wingi huo huigeuza piruvati kuwa lakteti na oksaloaseti kuwa maleti, yaani malighafi ya glukosi hupelekwa njia nyingine. Sindano ya glukagoni haimsaidii kwa sababu hakuna glikojeni iliyobaki ya kuvunjwa. Anahitaji glukosi, na pamoja nayo thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Mlevi wa kawaida akionekana "amelala tu" kwenye benchi la zamu ya usiku, apimwe sukari. Harufu ya pombe imewahi kuficha mengi.

Angalia pia ketoni, nishati mbadala itokanayo na mafuta. Anayefunga anapaswa kuwa nazo, kwa kuwa ini huvunja mafuta na kuzituma kwa ubongo na misuli. Sukari ikiwa chini na ketoni zikiwa hakuna, ama insulini imezidi na kuyafungia mafuta, ama vimeng'enya vya kuvunja asidi za mafuta ndani ya mitokondria ndivyo vyenye kasoro. Upungufu wa aina hiyo wa mwisho unaojulikana zaidi umeelezwa hasa kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, kwa hiyo hapa insulini itafutwe kwanza. Malaria kali nayo isisahaulike: hushusha sukari yenyewe, na kwinini huongeza tatizo kwa kuchochea kongosho kutoa insulini.

Misuli inauma na kukakamaa wakati wa kazi

Hapa saa hugeuka kuwa dakika. Msuli unapoanza kazi hutumia ATP iliyopo, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na akiba yake ya haraka, kreatini fosfati, kwa sekunde chache, kisha glikojeni yake huchukua zamu, na asidi za mafuta na glukosi ya damu huingia kwa nguvu baada ya dakika kadhaa. Mwanamume anayesukuma mkokoteni wa viazi kutoka Marikiti na mwanamke anayekimbia taratibu msituni Karura wanatumia misuli ile ile kwa vimeng'enya tofauti, hivyo swali la kumuuliza kila mmoja ni moja: maumivu yanakuja lini?

Yakija ndani ya dakika chache za mwanzo, hasa kwenye kazi ya nguvu kama kuinua gunia au kupanda ngazi, shuku njia ya glikojeni. Daktari Brian McArdle alieleza mwaka 1951 mgonjwa ambaye lakteti yake haikupanda hata alipofanya kazi ya misuli, jambo lisilo la kawaida, na baadaye ikabainika kwamba fosforilasi ya misuli ndiyo inayokosekana. Dalili inayoutofautisha ugonjwa huo ni kwamba mgonjwa akipunguza mwendo na kuendelea, baada ya dakika kama 8 hadi 10 maumivu hupungua, mapigo ya moyo hushuka na yeye huweza kuendelea na safari, kwa sababu sasa damu inamletea glukosi na mafuta. Wagonjwa wengi hulijua hili vizuri kuliko madaktari wao, na hulieleza kama uvivu wa kuanza. Ini lao ni zima, kwa kuwa lina fosforilasi yake inayotokana na jeni nyingine, na ndiyo maana hawapati sukari ya kushuka.

Yupo anayefanana naye ambaye hukosewa kwa urahisi. Upungufu wa fosfofruktokinasi ya misuli, kimeng'enya cha mnyororo wa kuvunja glukosi, ulioelezwa na daktari Mjapani Tarui na wenzake mwaka 1965, nao huleta maumivu mapema. Lakini wa McArdle akinywa chai yenye sukari kabla ya kazi hupata nafuu, kwa sababu glukosi hiyo huingia mnyororoni baada ya hatua iliyoharibika, ilhali wa Tarui huzidiwa: glukosi hukwama kwenye hatua iliyoharibika, na insulini inayoletwa na sukari hiyo huyafungia mafuta ambayo ndiyo yaliyokuwa tegemeo lake. Wa Tarui pia huweza kuwa na chembe nyekundu zinazovunjika, kwa kuwa sehemu ya kimeng'enya hicho hutumika pia ndani yake. Swali la sukari kabla ya kazi halina gharama na huulizwa mara chache mno.

Maumivu yakija baada ya saa moja au zaidi, katikati ya mbio ndefu au siku inayofuata, hasa mtu alipokuwa amefunga, ana homa au amepigwa na baridi, shuku usafirishaji wa asidi za mafuta kuingia mitokondria, ambako kimeng'enya cha karnitini kiitwacho CPT II ndicho huharibika mara nyingi. Kreatini kinasi ya damu, kimeng'enya kinachovuja kutoka misuli iliyoumia, husaidia kuamua: kwa ugonjwa wa McArdle kwa kawaida huwa juu hata siku za mapumziko, kwa upungufu wa CPT II mara nyingi huwa ya kawaida kati ya shambulio moja na jingine. Kabla ya kufika huko, ondoa kwanza visababishi vya kawaida: dawa za kushusha kolesteroli, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, potasiamu ndogo, na mazoezi ya ghafla ya mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima.

Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi

Dalili hii hutoka kwa tishu mbili tofauti, na kijiti cha mkojo hakiwezi kuzitofautisha, kwa sababu husema "damu" kwa hemoglobini na kwa mayoglobini vilevile. Iache damu ya mgonjwa ikae hadi majimaji yajitenge. Yakiwa ya waridi au mekundu, chembe nyekundu zinavunjika. Yakiwa na rangi yake ya kawaida huku mkojo ukiwa mweusi, msuli ndio ulioharibika, na figo ziko hatarini, hivyo mgonjwa asikae nyumbani.

Kwa chembe nyekundu, uliza dawa aliyomeza siku moja hadi tatu zilizopita. Glukosi-6-fosfati dehidrojenasi, maarufu kama G6PD, hutoa NADPH, molekuli ya kinga ambayo chembe nyekundu, isiyo na mitokondria, haina njia nyingine ya kuipata, na bila hiyo aina kali za oksijeni huiharibu. Upungufu wake hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ni wa kawaida katika maeneo ambako malaria imekaa kwa karne nyingi, na hufichuliwa na primakwini, dapsoni na hata vidonge vya kufukuzia nondo kabatini. Dawa ya malaria iliyochanganya kloproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo hiyo.

Mtego uko kwenye kipimo. Wakati wa shambulio, chembe kuukuu zenye kimeng'enya kidogo zimeshavunjika, na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha, hivyo majibu huweza kusema "kawaida". Rudia baada ya miezi kama mitatu, na kwa sasa mwambie mgonjwa aiepuke dawa ile.

Kupumua kwa kina na kwa haraka bila kikohozi

Mapafu yakiwa safi, mara nyingi damu ina asidi. Asidi hiyo mara nyingi ni ketoni au lakteti, na kila moja ina tishu yake. Ketoni huanzia kwenye mafuta: insulini ikikosekana, lipasi inayoitikia homoni, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, huyaachilia mafuta bila kizuizi, malonili-KoA, ambayo kwa kawaida huzuia asidi za mafuta kuingia mitokondria, hushuka kwenye ini, mlango wa mitokondria hubaki wazi, na ini huzalisha ketoni lisizoweza kuzitumia lenyewe kwa sababu halina kimeng'enya cha kuziamsha. Kwa mnywaji wa pombe, kijiti cha mkojo huweza kuonyesha ketoni kidogo wakati zimejaa, kwa kuwa hakioni ketoni iitwayo beta-hidroksibutireti, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwake.

Lakteti ikiwa ndiyo iliyopanda, tafuta kwanza mshtuko, maambukizi makali na upungufu wa oksijeni. Visipokuwepo, kumbuka piruvati dehidrojenasi, kimeng'enya kinachohitaji thiamini ili kuigeuza piruvati kuwa asetili-KoA ndani ya mitokondria. Mlevi wa muda mrefu, mwenye kutapika mfululizo au aliyekonda sana hukosa vitamini hiyo. Akitundikiwa dripu ya glukosi peke yake, piruvati huongezeka bila njia, na ubongo na moyo, ambavyo huitegemea hatua hiyo kwa kiasi kikubwa, ndivyo vinavyoumia. Sukari ikiwa chini, glukosi isicheleweshwe. Thiamini iende pamoja nayo.

Kichwa kinauma asubuhi za Julai, au macho hayaoni vizuri baada ya pombe

Hapa kilichokwama ni mwisho kabisa wa mnyororo, kwenye kimeng'enya cha saitokromu oksidasi, ambapo oksijeni hutumika. Familia iliyolala na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja wakati wa baridi huamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, wote kwa pamoja, jambo ambalo malaria hailifanyi. Monoksidi ya kaboni hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na hukishika pia kimeng'enya hicho. Kifaa cha kidoleni kitaonyesha oksijeni nzuri, kwa sababu hakiwezi kuitofautisha hemoglobini iliyotekwa; usikiamini, mpe mgonjwa oksijeni.

Methanoli hufika hapo kwa njia ndefu zaidi. Dehidrojenasi ya alkoholi huigeuza, na mwishoni hutokea asidi ya fomiki, ambayo huzuia oksidasi hiyo, na mshipa wa fahamu wa jicho ndio huonja kwanza. Kwa kuwa hatua hizo huchukua muda, mara nyingi saa 12 hadi 24, mnywaji huamka akidhani ni uchovu wa jana. Mwaka 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu wengi Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Kuona ukungu baada ya pombe ni dharura.

Vipimo vyote viko sawa, lakini dalili zinarudi

Mara nyingi vimeng'enya hivi huonekana vizima vinapopimwa wakati havina kazi. Sampuli iliyochukuliwa Jumanne mgonjwa akiwa ameshiba haielezi kilichotokea Jumapili alfajiri. Mpe mgonjwa daftari aandike saa ya dalili, saa ya chakula, alichokuwa akifanya na dawa alizomeza, kisha mpango uwe kuchukua glukosi, ketoni, lakteti, insulini na kreatini kinasi wakati wa shambulio lenyewe, kabla hajapewa kitu kitamu, ikiwa hali yake inaruhusu. Mashambulio yakiwa ya nadra, kufunga chini ya uangalizi hospitalini, kwa mtu mzima hadi saa 72, huweza kuyaleta mbele ya vipimo. Jambo hilo halijaribiwi nyumbani, na kwa mtoto halifanywi kabisa hadi upungufu wa kuvunja asidi za mafuta uwe umeondolewa kwenye orodha.